Chini ya Mibuyu, Njia ya Ntyuka: Pa Kupumzisha Kichwa kwa Aliyehamia Dodoma

Nianze na jibu, maana wengi mnasoma mkiwa kwenye daladala. Kama umehamia Dodoma kikazi, makelele yamekuchosha, na hujui Jumamosi asubuhi uende wapi ukakae na miti na ndege bila mtu kukufungulia spika karibu na sikio, panda bodaboda uende upande wa Ntyuka, kwenye eneo la mibuyu ninalolieleza hapa. Kiingilio ni shilingi 3,000. Wahi mapema, beba maji ya kunywa, na ulipie pia matembezi ya asubuhi, kwa sababu matembezi ndiyo mali yenyewe. Asiyetembezwa na mzee wa pale ataona mibuyu michache na mawe, arudi mjini akisema hakuna kitu.

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Migomba inaanzia mlangoni, chai inaanzia migomba inapoishia, na kuna majuma huuoni Mlima Rungwe kwa ukungu ingawa unaishi miguuni pake. Nilipopangiwa kazi ya uhasibu katika ofisi moja ya Serikali kule Mtumba, nilishuka Dodoma mwezi wa tisa. Aliyeuona mwezi wa tisa wa Dodoma ananielewa: ardhi nyekundu, upepo unaoanza kuinua vumbi kabla hata ya saa nne asubuhi, miti imepukutisha majani, mibuyu imesimama mitupu. Mvua ya hapa ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Nilikaa dirishani nikitafuta kitu cha kijani cha kutuliza macho, nikauona mwarobaini mmoja wa jirani, nao umejaa vumbi.

Na mji wenyewe unakua huku unautazama. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini kuhama kwenyewe kulishika kasi 2016, na 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la jiji. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu wote hao wanahitaji pa kulala, kwa hiyo kila mtaa una mchanga, kokoto na nondo. Nilipopanga mimi, Nkuhungu, upande mmoja kulikuwa na mashine ya tofali, upande wa pili baa, na nyuma yetu mkesha wa maombi kila Ijumaa. Kutoka Nkuhungu mpaka Mtumba ni kuvuka mji mzima. Unaamka saa kumi na moja, unasimama kwenye gari, unafika ofisini tayari umechoka. Sikuwa naumwa, lakini usingizi ulinipotea na nilianza kuwajibu watu vibaya, jambo ambalo si tabia yangu. Nyumbani, mama yangu alikuwa akiona nimenuna ananituma shambani nikakate majani ya ndizi, nami nilikuwa narudi nimetulia. Hapa hapakuwa na shamba la kutumwa.

Wenzangu ofisini walinisaidia walivyoweza. Walinipeleka kwenye gadeni zao, na gadeni za Dodoma mnazijua: nyasi kidogo, viti vya plastiki, mbuzi choma, na muziki unaokulazimisha kuongea kwa kupiga kelele. Nyama ya mbuzi ya Dodoma naisifu bila kusita, sijala nyingine inayoifikia. Lakini ukitoka pale hujapumzika. Chinangali, bustani ya mapumziko ya mjini, nako nimekwenda, na kwa jioni ukiwa na watoto ni pazuri, wanapata nafasi ya kukimbia. Ila pale unakwenda kukutana na watu, na mimi nilikuwa nataka saa mbili tatu za kutokutana na mtu. Ni muuguzi mmoja tuliyekuwa tunasubiri gari pamoja aliyenielekeza Ntyuka. Aliniambia yeye akitoka zamu ya usiku siku za mwisho wa juma huwa haendi nyumbani moja kwa moja, anapitia kwanza kule.

Kufika si kazi. Kutoka katikati ya mji unaifuata njia ya Ntyuka inayoelekea Mvumi, nyumba zinaanza kuachana, halafu upande wa kulia kuna njia ya vumbi yenye miti ya migunga pande zote mbili. Bodaboda wa kituo cha mwisho wanapajua; waambie "kwa mama wa mibuyu". Hakuna kibao. Nimemshauri mama huyo, mwenye eneo, aweke hata ubao mdogo, akasema anayepataka atauliza. Wakati wa mvua njia hiyo inakatwa na korongo dogo na bajaji haivuki, kwa hiyo kati ya Januari na Machi jiandae kutembea kidogo mwishoni. Gari dogo liache barabarani.

Eneo lenyewe ni la ukoo wa marehemu mume wake. Lina mibuyu minane mikubwa, mkwaju mmoja ambao kivuli chake kinatosha watu ishirini, migunga mingi, na nyuma kabisa mwamba unaopanda taratibu mpaka unakuwa kilima. Chini ya miti kuna mikeka, vigoda vya miguu mitatu na madawati machache ya mbao. Hakuna ukuta, kuna uzio wa miiba tu kuzuia mbuzi wa majirani. Ukifika unasalimiwa kwa Kigogo, "Mbukwenyi", unapewa kigoda na kikombe cha maji, ndipo yanafuata mambo ya kulipa. Hakuna anayekuuliza utaagiza nini. Unaweza kukaa mpaka saa saba bila kununua kitu kingine chochote, na hakuna atakayekutazama vibaya.

Sheria ya pale ni moja na mama anaisimamia: hakuna muziki. Simu ziwe kimya, na anayetaka kuongea na simu anatoka mpaka kwenye uzio. Pombe pia hakuna. Nilikuwepo siku walipokuja vijana sita wenye spika ya kubeba begani, watoto wazuri tu, wamevaa vizuri, wamekuja kupiga picha. Mama akawafuata mwenyewe. Akawaambia, "Wanangu, karibuni sana, lakini hilo begi tulifunge." Mmoja akasema wataweka sauti ya chini. Mama akawajibu kwamba hata ya chini ndege wanaisikia, kisha akawahesabia pesa zao zote za kiingilio akawarudishia mkononi, bila hasira, na kuwaelekeza pa kwenda. Watatu waliondoka. Watatu wakazima spika, wakarudisha pesa, wakakaa. Sijaona biashara nyingine mjini hapa inayorudisha pesa ili kulinda kile inachokiuza, na kwa hilo peke yake ningempa mama huyu alama zote.

Sasa matembezi. Yanaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yanachukua kama saa mbili, bei ni shilingi 10,000 kwa mtu mzima na 5,000 kwa mwanafunzi. Anayetembeza ni shemeji yake mama, mzee wa Kigogo aliyechunga ng'ombe kwenye vilima hivi tangu akiwa mtoto. Sisi wageni tunamwita Babu. Anatembea mbele na fimbo yake, haongei mpaka afike kwenye kitu, na akifika anakuuliza kwanza wewe unaona nini. Mara ya kwanza nilimjibu naona mti. Akaniambia, "Tazama tena, mjukuu wangu, hatuna haraka."

Tulikuwa tumesimama mbele ya mbuyu wenye kovu refu kuzunguka shina lote, kama futi nne kutoka chini. Babu akaeleza kwamba zamani walikuwa wanabandua gome kwa ajili ya kusokota kamba, na kwamba mbuyu, tofauti na miti mingi, ukibanduliwa gome unaliotesha tena. Kovu lile lina gome jipya juu yake, laini kuliko la zamani; akanishika mkono akauweka pale. Akanionyesha jinsi ya kugonga shina kwa kiganja na kusikiliza, kwa sababu ndani mti ule si mgumu kama mkwaju, ni nyuzinyuzi laini zinazohifadhi maji. Ndiyo maana unaacha majani yake yote kiangazi na unaishi. Mtu wa Rungwe akiona mti hauna majani anaenda kutafuta shoka. Hapa mti usio na majani mwezi wa tisa ni mti uliofunga milango unasubiri Desemba.

Juu ya mbuyu huohuo kuna matundu. Tulikaa chini kwenye mchanga, Babu akaweka kidole mdomoni, na baada ya muda wakaja kasuku wadogo wa kijani, vichwa vyeusi, shingo za njano, macho yamezungukwa na duara jeupe. Wanaingia na kutoka kwenye matundu yale wakigombana. Ndege hawa asili yao ni Tanzania hii yetu, maeneo ya katikati na kaskazini, na huko nje watu wanawafuga kwenye vizimba. Mimi nilikuwa nimewaona mara nyingi wakipita juu ya paa la ofisi Mtumba na sikuwahi kuinua kichwa.

Tundu jingine, kwenye mgunga mkavu, lilikuwa limezibwa kwa udongo, limebaki ufa tu wa kupitisha ncha ya mdomo. Ni nyumba ya hondohondo. Jike anaingia ndani kutaga, wanauziba mlango, na kwa majuma kadhaa dume ndiye anayemlisha kupitia ule ufa. Tulimwona dume akija na kitu mdomoni, akatua, akatuona, akasita. Babu akatuashiria tuinuke tuondoke mbali. Alikataa kabisa tupige picha, na mgeni mmoja aliyetoka Dar kwa treni ya SGR kwa ajili ya mapumziko ya mwisho wa juma hakufurahi, akasema amelipa. Babu akamwambia kwa upole kwamba kilicholipiwa ni kutembea, na mtoto wa ndege akikosa chakula chake cha asubuhi hakuna wa kumrudishia. Nasimama na Babu katika hili. Mkitaka picha za ndege, njooni na kamera za kuvuta mbali, na mjue bado anaweza kusema hapana.

Kwenye mwamba wanaishi pimbi. Ukifika kabla jua halijawa kali unawakuta wamejilaza kwenye mawe ya upande wa mashariki, familia nzima, wanaota jua kwa sababu miili yao haipati joto haraka ikipigwa na baridi ya usiku. Na usiku wa Dodoma una baridi, hasa Juni na Julai. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, msije na fulana peke yake. Babu anaonyesha michirizi myeupe kwenye jiwe, ambayo nilidhani ni chokaa au rangi ya watu wa kupima ardhi. Ni mkojo wa pimbi, wanakojoa mahali pamoja miaka na miaka mpaka jiwe linabadilika rangi. Akasema mnyama huyu mdogo ni ndugu wa tembo. Wataalamu nao wanasema hivyohivyo. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) tuliyekuwa naye alitaka kubisha, akatafuta kwenye simu, akanyamaza akaanza kuwatazama upya.

Kitu kilichonishika zaidi kiko nyuma ya kilima, mahali ambapo zamani palikatwa miti yote kwa mkaa. Ukipaona kwa mbali ni uwanja mkavu wenye visiki. Ukisogea unaona kila kisiki kimefungiwa kitambaa, na kutoka kwenye kisiki kumepanda vijiti viwili au vitatu vilivyonyooka. Hiyo ndiyo njia inayoitwa kisiki hai, ambayo mashirika ya mazingira yamekuwa yakiifundisha vijiji vingi vya mkoa huu kwa miaka kadhaa sasa. Hakuna mche unaonunuliwa wala maji yanayobebwa. Kisiki kikiwa bado na mizizi hai, kinatoa machipukizi mengi yanayogombania chakula, ndiyo maana kinabaki kichaka. Unachagua machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayapogolea, unafunga kitambaa ili mchungaji na mkata kuni wajue mti huu una mwenyewe, kisha unaulinda na mbuzi. Mizizi tayari iko chini kabisa, inajua maji yalipo, kwa hiyo mti unapanda haraka kuliko mche wa kitalu. Njia ya namna hiyo ilienea sana Niger kuanzia miaka ya 1980, nchi kavu kuliko hapa.

Babu aliwapa wageni kisu cha kupogolea, kila mmoja kisiki chake. Ni kazi ya dakika chache. Unachuchumaa, unayatazama machipukizi, unaamua lipi libaki, na kwa muda huo hakuna kitu kingine chochote kichwani. Sikuwaza ripoti ya robo mwaka, sikuwaza kodi ya nyumba. Nilipomaliza nilikuwa natokwa jasho na nimetulia kabisa, utulivu uleule wa kutoka shambani kwa mama. Mpaka hapo nilikuwa nadhani utulivu wangu uko kwenye kijani na ukungu, nikaona hauko hivyo, nahitaji kazi ya mikono kwenye ardhi na mtu anayeijua ardhi hiyo akinisimamia. Dodoma ina vyote viwili, nilichokosa ni wa kunipeleka. Tangu hapo nilimwomba mwenye nyumba wangu ruhusa ya kulea machipukizi ya mgunga uliokatwa nyuma ya choo, akakubali, na mtoto wake ndiye anayefukuza mbuzi.

Kuna matembezi mengine ya jioni, ya msimu, nayo nayapendekeza kwa nguvu zaidi hata kuliko ya asubuhi. Mibuyu inapochanua, kuelekea mvua za mwisho wa mwaka, mama anafungua mpaka saa mbili usiku. Maua ya mbuyu ni makubwa, meupe, yananing'inia kichwa chini, na yanafunguka jua linapozama. Ukilichagua tumba lililo tayari na ukalikazia macho unaliona likifunguka, petali zinajikunja kurudi nyuma hapohapo unapotazama. Harufu yake ni nzito, kwa wengine haipendezi. Giza likiingia wanakuja popo, nao ndio wanaobeba chavua kutoka ua moja hadi jingine. Kufikia kesho yake ua limeshageuka kahawia, na baadaye linaanguka. Ubuyu tunaoununua sokoni Majengo kwa kikombe umeanzia kwenye usiku mmoja wa popo. Jioni niliyokuwepo tulikuwa watu wasiozidi kumi, tumelala chali kwenye mikeka, na mzee mmoja mstaafu aliyeishi Dodoma tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani ya kuustawisha mji huu, alisema hajawahi kuliona jambo hilo ingawa mibuyu ameipita maisha yake yote.

Chakula ni cha kawaida na kinatosha. Uji wa uwele shilingi 1,000, mzito, hauna sukari mpaka uombe, na ndicho kifungua kinywa sahihi baada ya kilima. Mchana kuna ugali wa uwele kwa mlenda, na mlenda wa mama nausifia: majani yamekaushwa na kusagwa, umepikwa na karanga, unavutika bila kuwa mwepesi kama maji. Wasiouzoea waanze na kidogo. Kuku wa kienyeji ni mpaka uagize siku moja kabla. Maji ya ukwaju ni mazuri yakiwa yametengenezwa asubuhi hiyohiyo. Yaliyolala yanakuwa makali. Chai sikuipenda, imechemshwa mpaka imekuwa chungu, nami natoka kwenye chai kwa hiyo nalisema hili kwa uzito. Msimu wa zabibu, Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba, wanaletewa na jirani mwenye shamba, na bei yake iko chini ya ile ya barabarani.

Kasoro zipo. Choo ni cha shimo, kisafi, lakini maji ya kunawa yanatoka kwenye tangi linalojazwa na boza, na kuelekea Oktoba nimekuta tangi tupu. Njia ya kilimani haina mahali pa kushikilia, mtu mwenye magoti mabovu ataishia kwenye kisiki cha kwanza. Huyo akae chini ya mkwaju na asijilazimishe. Miiba ya migunga inapenya kandambili, vaeni viatu vilivyofunika mguu. Babu ni mmoja na hana msaidizi, akiugua hakuna matembezi, na mama hatoi taarifa mapema kwa sababu mtandao kule unakatikakatika. Kijana wa kujifunza kutoka kwake anahitajika sasa, si baadaye. Na Jumapili baada ya ibada wanakuja wengi na watoto, jambo jema kwa biashara yake, lakini anayetafuta kimya asichague Jumapili.

Bei wengine wanailalamikia. Nimesikia mtu akisema shilingi 13,000 kwa kutazama miti ambayo iko bure barabarani ni nyingi. Najibu hivi: kwa pesa hiyo kwenye gadeni unapata nusu ya nyama na soda mbili. Hapa unapata asubuhi nzima, mwalimu aliyesomea kilima kimoja miaka sitini, na kisiki ulichokihudumia ambacho unaweza kurudi kukiona kimefika wapi. Kwa mshahara wangu, ambao si mkubwa, naenda ninapoweza na sijawahi kuona nimepunjwa. Kwa mwanafunzi asiye na 5,000, mama ana utaratibu wa kumwachia achangie kwa kufagia au kuchota maji, na hautangazi, unamwuliza pembeni.

Linaloniumiza ni vigingi vya upimaji nilivyoviona mara ya mwisho, upande wa pili wa uzio. Mji unakuja huku. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, imeshafanya maeneo yaliyokuwa pori yawe ya kuulizwa bei, na madalali wanapita kwa pikipiki. Mama ameniambia anafuatwa mara kwa mara na watu wanaotaka eneo lote, waondoe mibuyu, wajenge apatimenti. Amekataa. Ana watoto wanne, na si wote wanaofikiri kama yeye. Sina la kumshauri kuhusu mali ya ukoo wake, ila kwa waliomo kwenye mipango miji na wanaosoma hapa, naomba: mnapochora mitaa ya upande huu, mibuyu ichorwe kwanza na barabara ziifuate. Mbuyu mkubwa hauhamishwi, na hakuna mwajiriwa mpya wa Mtumba atakayeishi muda wa kutosha kuona mwingine ukifikia unene ule.

Kwa mtakaokwenda: Jumamosi ndiyo siku bora, mfike kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na anayetaka matembezi apitie kwa mama siku moja kabla au amtume bodaboda. Malipo ni taslimu. Bodaboda kutoka katikati ya mji mimi hulipa 3,000, wakikutajia 5,000 zungumzeni. Kofia, maji lita moja na nusu, viatu vya kufunika, na sweta kama ni Juni hadi Agosti. Watoto wanakaribishwa matembezi ya asubuhi kuanzia miaka saba hivi. Wenye presha au waliojifungua karibuni wamwambie Babu mapema, anajua njia fupi inayopita chini ya mwamba na pimbi wanaonekana vilevile. Jumatatu pamefungwa.